Waya ya Mshale wa Joto

“Nozeli, Mama! Ni nozeli tu!” Mwanangu alipiga boneti kwa kiganja. “Kwa nini kila kitu kwako lazima kiwe msiba?”

“Kwa sababu moshi ni mweupe. Na usilipige gari, halijakukosea.”

“Moshi mweupe ni dizeli isiyoungua. Wewe mwenyewe ulinifundisha.”

“Nilikufundisha na mengine, hayo ukayaacha njiani. Njoo nyuma huku unuse.”

Hakuja. Ana kichwa kigumu kama baba yake, ambaye alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni, blanketi mabegani, miguu imevimba hadi kandambili zilimbana. Siku hiyo alitakiwa hospitali, ng’ambo ya mlima, akasafishwe damu kwa mashine. Safari iliyotangulia aliikosa kwa kuwa gari liligoma kuwaka. Muuguzi aliniambia kwenye simu bila kuzunguka: akikosa na hii, maji yatamjaa mapafuni, na msimlete tena usiku mkitegemea miujiza.

“Nilisema nimpigie Kokoto,” nikawaambia wote wawili. “Lori lake linashuka na mawe asubuhi hii.”

“Kokoto!” Mume wangu alikohoa, akapumzika, ndipo akamalizia. “Nife kwanza.”

Ugomvi wao haukuwa na kichwa wala miguu. Kokoto ni jirani yetu, hubeba mawe ya ujenzi. Mwaka fulani gari la mume wangu lilikwama mlimani siku ya soko, Kokoto akalifunga kamba, akalivuta hadi katikati ya soko huku anapiga honi njia nzima kama anayeleta bibi harusi. Watu walicheka mpaka wakaweka mizigo chini. Tangu siku hiyo wanaume hao wawili hupishana bila kusalimiana.

Gari lenyewe tunaliita Nyumbu. Ni la dizeli, la kupandia milima, kuukuu kuliko mwanangu. Mume wangu alibeba abiria na magunia humo tangu ujana wake, na alipougua, usukani ukaenda kwa kijana. Mimi nina stashahada ya mitambo na nafundisha chuo cha ufundi. Nyumbani stashahada hiyo hutumika kufungulia vifuniko vya chupa vilivyokaza. Nikisogelea Nyumbu, mume wangu husema, “Mwalimu, wewe fundisha, mimi naendesha.” Siku hiyo hakuwa na pumzi ya kusema hivyo, kwa hiyo nikachukua spana.

“Washa,” nikamwambia kijana. “Uache injini ingurume polepole.”

Nyumbu aliwaka kwa shida, akitikisika kama mtu mwenye homa. Silinda nzima ikinyimwa dizeli, injini hulegea; silinda mbovu haibadilishi kitu. Nililegeza nati ya bomba linalopeleka dizeli kwenye nozeli ya kwanza. Dizeli ikaruka, mngurumo ukashuka. Nikakaza. Ya pili, mngurumo ukashuka. Ya tatu nililegeza mpaka dizeli ikanilowesha kifundo cha mkono, na injini haikujali. Ilinguruma vile vile, kama mtu uliyemkanyaga mguu uliokufa ganzi.

“Si nilisema!” Mwanangu alirukaruka. “Nozeli ya tatu! Mama, sema nilikuwa sahihi, sema leo tu.”

“Nitasema ukinithibitishia. Zima. Hamisha ya tatu uiweke kwenye ya nne, ya nne uilete ya tatu. Ubovu ukihama na nozeli, nitakupikia chochote unachotaka.”

“Na usipohama?”

“Utanisikiliza.”

Alifanya kazi vizuri, hilo nitampa. Mikono yake ni ya baba yake, haipotezi nati. Mume wangu alimtazama kwa macho yaliyovimba, na kila spana ilipoteleza alivuta hewa kwa meno, kama ngozi inayochunika ni yake.

Tuliwasha tena. Nikalegeza ya nne, iliyokuwa na nozeli aliyoishitaki. Mngurumo ukashuka, silinda nzima. Nikalegeza ya tatu. Injini haikujali: ubovu haukuhama.

Nilichukua kitambaa, nikafungua taratibu kifuniko cha rejeta, tangi la maji ya kupoza injini. Maji yalikuwa vuguvugu tu, lakini yalitoa mapovu bila kukoma, makubwa, yakipasuka na kunirushia matone yenye harufu ya moshi. Kabla ya kufungua, bomba la juu la mpira nilikuwa nimelishika. Lilikuwa limekakamaa kama msuli.

“Unaona?” nikamwambia kijana. “Moto wa silinda unaingia kwenye maji, na maji yanaingia kwenye silinda. Silinda hedi, kile kifuniko cha silinda, imepasuka, au gasketi yake ya kuziba imekwisha, au vyote viwili. Hiki kitu kimeungua, na si jana.”

“Haiwezekani. Haijawahi kupata moto, hata siku moja.” Alinivuta mkono hadi kwenye dashibodi. “Angalia mshale. Kila safari naukodolea macho. Haupandi kabisa, Mama. Nisingeendesha ukipanda, mimi si mwehu.”

Mshale wa joto ulilala chini kabisa, mahali pa gari lililolala uani. Injini ilikuwa inawaka. Hata kwa maji vuguvugu ungepaswa kuinuka kidogo.

Nilirudi kwenye injini, nikaifuata waya ya mshale kwa kidole. Inaanzia kwenye kitambuzi cha joto karibu na rejeta, inapita nyuma ya betri, inapenya ukuta wa injini kuelekea dashibodi. Nyuma ya betri kidole changu kiliishia hewani. Waya ilikuwa imekatwa kwa koleo, safi, na ncha imezungushiwa utepe mweusi. Mwisho wa utepe ulikuwa umekunjwa pembe ndogo, ili ushikike siku ya kuubandua.

Mtu mmoja tu ninayemjua hukunja utepe hivyo. Waya zote za nyumba hii zina pembe hiyo.

Nilimwambia kijana azime gari. Alizima, akaja, akaona nilichoshika. Akageuka polepole kuelekea mlangoni.

“Baba?”

Mume wangu alitazama miguu yake.

“Abiria walikuwa wanaogopa,” akasema mwishowe. “Mshale ukipanda tu, mmoja anapiga kelele, wote wanataka kushuka. Nikaukata. Nikawa najaza maji kila mahali penye maji, basi. Nyumbu ni mvumilivu.”

“Mimi uliniambia niutazame mshale,” mwanangu akasema. “Uliniambia, ‘Mwanangu, macho yako yawe pale.’ Nimeshuka mlima na watu, nautazama.”

“Nilitaka kukuambia.”

“Lini?”

Mimi nilikuwa nauona ule mteremko: kona baada ya kona, upande mmoja mwamba, upande mwingine hakuna kitu. Breki za Nyumbu husaidiwa na pampu ya kuvuta upepo inayozungushwa na injini. Injini ikikwama katikati ya mteremko, kukanyaga pedali ni kama kukanyaga kizingiti cha mlango. Mwanangu ana miguu myembamba.

“Tunaweza kwenda polepole,” mume wangu akasema. “Mara moja tu. Tukijaza maji pale juu, tutafika.”

“Na ikikwama?”

“Ikikwama, basi.” Alifunga blanketi vizuri. “Nimechoka na ile mashine, Mwalimu. Inanifyonza, inanirudishia, narudi nyumbani kama nguo iliyokamuliwa. Nikifia njiani, nifie ndani ya gari langu. Si nyuma ya mawe ya mtu yule.”

Hapo nikaelewa kilichokuwa kinabishaniwa asubuhi nzima, na hakikuwa nozeli.

“Umechoka,” nikasema. “Hilo ni lako, nami sikulazimishi. Sema nikurudishe kitandani, nitakaa nawe mpaka mwisho wake, hata kama ni wiki mbaya. Lakini dereva wako ni nani?”

Aligeuza uso kuelekea Nyumbu.

“Nauliza. Ukifia ndani ya gari lako, aliyeshika usukani ni nani?”

Mwanangu alikuwa ameinama kando ya tairi, anafuta spana ambayo tayari ilikuwa safi. “Nitampeleka, Mama,” akasema bila kuinua uso. “Akitaka, nitampeleka.”

Nilijua angempeleka. Nikienda kuoga tu wangeondoka, mmoja kwa kiburi, mwingine kwa mapenzi.

Nilimpigia Kokoto palepale uani, wote wakisikia. “Shemeji,” akasema, “ndiyo kwanza napakia. Nakuja.” Kisha nikachukua spana mkononi mwa mwanangu. Nati zote zilikuwa bado laini, tulizilegeza wenyewe. Nilifungua mabomba ya nozeli, yote manne, nikayafunga kwenye kitambaa pamoja na ile nozeli ya tatu aliyoisingizia kijana.

“Unayapeleka wapi?” mume wangu akauliza.

Nilipita mbele yake hadi nyuma ya nyumba, nikafungua mlango wa choo cha shimo, nikayaachia. Yaligonga ukuta, yakagonga tena, kisha nikasikia yakitua mahali laini.

Niliporudi, mwanangu alikuwa analia, na mume wangu alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi na mgeni. Lori la Kokoto lilikuwa linapanda njia yetu, injini yake nzima, moshi wake mwembamba.

“Kitandani au kwenye lori,” nikamwambia. “Chagua wewe. La tatu halipo tena.”

Alipumua. Ilimchukua muda, kifua kikikoroma. Lori liliingia uani, likasimama pembeni ya Nyumbu, na Kokoto akashuka, akavua kofia, asijue pa kuiweka.

“Lori,” mume wangu akasema. “Lakini asipige honi.”

“Sipigi,” Kokoto akajibu.

Tulimwinua, Kokoto bega moja, mwanangu bega jingine, mimi miguu. Ngozi ya vifundo vyake ilibonyea chini ya vidole vyangu na haikurudi. Tukamkalisha mbele, karibu na dirisha, upande usiotazamana na Nyumbu, nikapanda nikamshika, na Kokoto akaondoa lori.