Ni Kweli, Ni Langu

Ulimi uliponza kichwa, na cha Anord kiliponzwa mchana kweupe, mbele ya hakimu. Baba yake alipofariki huko Iringa, wazee wa ukoo walimkabidhi gobore la marehemu siku ya kumaliza matanga. Wakamwonya kwamba mrithi akikana kitu cha baba yake mbele za watu, amemkana baba mwenyewe. Akalizungushia mkeka, akapanda nalo basi kurudi Ubaruku kwenye mpunga wake. Njiani askari wakalisimamisha basi, wakaufungua mkeka.

Kortini shitaka la kumiliki silaha bila kibali lilikuwa halijaisha kusomwa. "Ni kweli, ni langu," akasema, kifua mbele. Akapewa miaka kumi na mitano. Rozalia, mkewe, alikuwa shambani siku hiyo. Aliletewa habari na majirani, akakasirika kuliko alivyolia. Ujasiri gani huo wa kuwaachia wengine watoto?

Aliyekiri kosa hana mengi ya kulalamikia ila ukubwa wa adhabu. Mfungwa mwenzake, Sosthenes, alimwandikia rufaa ya kuomba kupunguziwa. Miaka miwili ikapita ndipo Anord akaitwa Mahakama Kuu, Mbeya.

Rozalia aliketi benchi la nyuma. Hakuwahi kuona chumba kilichojaa watu kikinyamaza namna ile. Jaji alikuwa mama mmoja mwembamba, miwani puani, na alipoinua kalamu mawakili wenye majoho waliacha hata kupekua karatasi. Rozalia alijikuta amekaa wima kama yuko kanisani.

Jaji hakuanza na adhabu. Alifungua jalada la kesi, akasoma polepole alivyoandika yule hakimu: "Mshitakiwa anasema, ni kweli, ni langu. Nimekabidhiwa wiki hii kwenye matanga ya baba. Nilikuwa nalipeleka kwa mtendaji wa kijiji aniambie nifanye nini."

Rozalia akasogea mbele kwenye benchi. Maneno ya mkulima wa mpunga, yaliyosemwa mara moja tu, yalikuwa yamekaa kwenye karatasi muda wote huo, halijapungua hata moja. Na sasa mtu mkubwa kama yule alikuwa anayasoma kwa adabu.

"Wakili wa Serikali," jaji akauliza, "huyu alikiri kosa, au alieleza msiba?"

Wakili akasimama. "Mheshimiwa, hatupingi rufaa."

"Basi hakukiri. Hatia nimeifuta, na adhabu pia. Sitairudisha kesi ianze upya, ameshakaa ndani vya kutosha. Aachiwe leo." Akamgeukia Anord. "Una la kusema?"

"Hapana, Mheshimiwa," Anord akajibu. "Nilishasema."

Rozalia akajifunika uso kwa khanga. Kila mwezi alikuwa akienda gerezani kumwona, kila mwezi akimlaumu kwa yale maneno mawili, na hakuwahi hata siku moja kumuuliza alisema nini kingine.