Mafuta ya Moto Kidondani

Kisu kiliteleza kwenye mbavu za ng'ombe, kikamwingia Mdogo kiganjani hadi mfupa ukaonekana. Wachinjaji wenzake walicheka kwanza, maana kwa watu wale hata jeraha ni mzaha. Kaka yake, waliyemwita Nyundo kwa jinsi alivyoangusha madume kwa pigo moja, akafanya kama walivyofanya wote machinjioni pale: akachota mafuta ya tumboni ya mnyama yuleyule, yangali ya moto, akayashindilia kidondani na kufunga kitambaa.

"Kesho unarudi kazini," alimwambia. "Usinililie hapa."

Siku ya tatu mkono ulikuwa umevimba, mweusi, unanuka, na Mdogo anatetemeka hadi meno yanagongana. Hospitali walimtundikia dawa. Jioni daktari akasema bakteria wengi wamekufa. Kulipokucha, hali ikawa mbaya zaidi. Nyundo akamkaba daktari koo, akambamiza ukutani, miwani ikaruka.

"Si ulisema wamekufa?"

"Wamekufa, ndiyo!" daktari alisema kwa sauti iliyokabwa. "Sikiliza basi! Askari wa damu yake wana vipokezi, ndivyo vinavyomnusa adui. Vingine vinasema piga, vingine vinasema inatosha. Hata mabaki ya bakteria waliokufa yananusika, na kwenye nyama iliyooza wengine bado wanazaliana. Sasa vile vya piga vimevishinda vile vya inatosha. Askari wanampiga yeye mwenyewe, mapafu, figo, hawachagui. Mkono usipotoka leo, humpati."

Nyundo alimwachia. Hasira isiyojua pa kuishia aliifahamu vizuri. Alikuwa nayo tangu utotoni.

"Mafuta niliyatia mimi," alisema.

Daktari aliokota miwani yake, akampa fomu ya kukubali upasuaji. Nyundo akatia sahihi.

Walikata juu ya kiwiko. Nyundo alikaa nje ya mlango, akasikia msumeno ukila mfupa. Sauti hiyo aliisikia kila siku kazini bila kujali, ila safari hii alitapika sakafuni.

Siku ya tisa homa ilishuka, Mdogo akafumbua macho. Akapapasa upande wa kushoto, akakuta shuka tupu.

"Nani kakubali?"

"Mimi."

Ngumi ya mkono uliobaki ilimpasua Nyundo mdomo. Alifuta damu, akasogeza kiti karibu ili mdogo wake amfikie vizuri, akalia kwa furaha huku akisubiri ya pili.