Mjukuu Asiyeitwa Ngendo

Mwaka wa hamsini na sita, enzi za hali ya hatari ya mkoloni, Mkikuyu hakutoka Thika kwenda Ruiru bila barua ya chifu, nami niliiomba kwa wiki tatu. Mwanangu Simeon alikuwa amepata binti, mtoto wake wa kwanza, na kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba. Yaani jina langu, Ngendo. Nilijaza kikapu njahi, maharagwe meusi ya mzazi, nikapanda gari la moshi nimeinua kichwa kama mke wa askofu.

Lakini pua yangu hunusa mambo mapema. Magdalene, mke wa Simeon, alinipokea katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la kahawa.

"Karibu, maitu. Shika mtoto."

Mtoto, bila jina! Nilimwuliza kama ananyonya vizuri. "Mtoto ananyonya sana," akajibu, akakimbilia kuni ambazo hazikuhitaji mtu.

Simeon alirudi saa ya chakula. Kwetu, baba aliyempa bintiye jina la mamake humwita binti huyo naye "maitu", mama yangu, na mimi nilikuwa nikilingojea neno hilo tangu harusi yao. Alimpokea mtoto, akamrusharusha. "Toto, toto, toto." Kisha akanitupia jicho na kugeukia ukuta.

"Simeon, huyu anaitwa nani?"

"Si kwanza ukule, maitu."

Sikula. Nilimkagua mtoto vidole na pua, nikitafuta sura ya mwanamume mwingine. Masikio yalikuwa ya marehemu mume wangu, hayana ubishi. Basi wananificha nini? Hapo jirani akapaza sauti nje: "Mama Kalondu! Anua nguo za mtoto, mvua inakuja!"

Kalondu! Jina la Kikamba, kwa mjukuu wangu! Nikajua papo hapo: Simeon ana mwanamke Mkamba mahali, na huyu mjinga Magdalene amekubali kumfunikia. Nilisimama nikawaambia maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watu wa kanisa.

Magdalene akaanza kulia, ndipo Simeon akasema. Mkewe alishikwa na uchungu siku ambayo askari walifunga kambi, hakuna kutoka. Kalondu, mke wa Muthoka mlinzi wa geti, ndiye aliyemzalisha. Homa ilipompeleka Magdalene hospitali, Kalondu huyo huyo alimnyonyesha mtoto siku kumi na moja.

"Tuliogopa kukwambia," akasema.

Hadithi nzuri, nikawaza, nzuri kupita kiasi. "Mwiteni nimwone."

Aliingia mwanamke mwembamba, mikono ingali na maji ya kufua. Hakukaa.

"Mama, mimi niliambia hawa wabadilishe," alisema. "Sitaki ugomvi. Mtoto apewe jina yako."

Jina lilikuwa langu sasa, ni kukubali tu. Hata hivyo nilitaka kwanza kumnasa. Mwanamke hapati maziwa hivi hivi.

"Hayo maziwa yalikuwa ya nani? Mtoto wako mwenyewe yuko wapi?"

"Nilikuwa nimemzika Jumapili," alisema. "Huyu akazaliwa Jumanne."

Mvua ilianza kugonga mabati. Niliona aibu, aibu ya kweli, hadi masikio yakawaka moto. Niliyatazama maji yakimdondoka vidoleni, na kile kilichonikaza kifuani miaka yote, kwamba ni lazima nibaki duniani kwa jina, kikalegea. Nilivuta pumzi. Sikuona kama nimenyang'anywa kitu.

Mtoto akalia. Nilimwinua, nikamweka mikononi mwa Kalondu.

"Shika wajina wako," nikamwambia. "Na ukae chini, chakula kinapoa."

Akakaa. Magdalene akaleta sahani ya nne.