Sahani ya Theodori

Marehemu mume wangu Pantaleo alikuwa mwongo, lakini uongo wake ulikuwa wa brashi tu. Nasema hivyo kwa mapenzi, maana leo nimemkumbuka mpaka kifua kinaniuma. Mwaka 1953 kibanda chake kilikuwa karibu na soko la Ifakara, na watu walitoka Michenga na Kisawasawa kuja kuchorwa sura zao kwenye mbao za masanduku ya chai. Aliwanenepesha wote. Mwenye mashavu yaliyobonyea aliongezewa nyama, mwenye kovu alifutiwa. Mimi mwenyewe aliniondolea chunjua ya puani, nikamwambia airudishe, ni yangu.

Kuchora alijifunzia jeshini. Alikuwa Keya, askari wa Mwingereza, akapigana huko Bama katika vita vya pili vya dunia pamoja na kaka yangu Theodori. Yeye alirudi, Theodori hakurudi.

Karani wa bomani ndiye aliyetuletea habari ya kifo nyumbani kwetu Lipangalala. Mama yetu, Balbina, alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akaingia jikoni. Jioni akapakua sahani ya Theodori, akaifunika, akaiweka kando kama kawaida, kwa sababu mtu wa nyumbani akiwa safarini huwekewa chakula. Alisema hajaona maiti wala kaburi, basi hana wa kumlilia. Vita viliisha, mafuriko yakaja yakapita, sahani bado inawekwa. Matanga hatukukaa. Mama hakutoa hata chozi, alikuwa anakauka tu, jamani, na mimi niliogopa tutamzika yeye kabla hajamlilia mwanawe.

Ndipo nikaenda kwa Pantaleo, wakati huo tukijuana kwa salamu tu, nikamwomba amchore kaka. Picha yake hatukuwa nayo hata moja. Pantaleo alisitasita, mwisho akakubali.

Aliileta Jumapili baada ya misa. Akampa mama shikamoo, akaifunua. Mashavu yamejaa, kofia ya Keya imekaa upande, kijana anatabasamu. Mama aliitazama, akasema ni kijana mzuri wa watu, Mungu ambariki, kisha akarudi kuchambua mchele wake.

Nilimfuata Pantaleo nje, nikamsema vibaya. Nilimwambia unafiki wake aupeleke sokoni, kwa mama yangu alete mtu wa kweli. Akaenda zake. Siku zikapita kibanda kimefungwa, nikaanza kujuta ulimi wangu.

Aliporudi alikuwa na ubao mwingine kwapani. Safari hii Theodori alikuwa amekonda. Mifupa ya mashavu imetokeza, midomo imepasuka, na kovu lake la utotoni la kukatwa na jembe juu ya jicho, ambalo picha ya kwanza haikuwa nalo, lipo palepale. Nilitaka kuifunika.

Mama alipitisha kidole juu ya kovu.

"Alikonda hivi?"

"Ndiyo, mama. Mvua ilitufungia msituni, chakula hakikufika. Kidogo tulichopata tuligawana. Siku ya mwisho alinipa chake, akasema hana njaa. Nikala."

Mama aliinuka. Aliingia jikoni akapika wali na kitoga, yule samaki wa mtoni ambaye Theodori alimpenda kuliko wote. Akapakua kwenye sahani yake ileile. Nilidhani ataifunika, kumbe aliiweka mbele ya Pantaleo.

"Kula, baba. Wewe ndiye uliyekula naye."

Pantaleo alikula huku machozi yanadondokea walini. Alipofika nusu, mama akalia. Alilia kwa sauti, akimwita mwanawe kwa jina, mpaka majirani wakaja mbio, na hakuna aliyeuliza kuna nini. Siku ileile tukakaa matanga.

Sahani ile ikawa ya Pantaleo. Aliponioa alikuja nayo mama mwenyewe, na humo nimempakulia mume wangu maisha yetu yote. Mwaka huu ametutoka, tumemzika, na matanga tumekwisha kuyaanua. Lakini jana jioni nimejikuta naipakua, nikaifunika, nikaiweka kando.