Barafu Kwenye Vali

Majirani walimwita Kobe. Trekta lake lilitambaa shambani polepole kiasi kwamba ndege walitua juu ya paa wakachambua manyoya. Wenzake waliotia mbolea ya gesi, ile amonia inayochimbiwa ardhini, walimaliza shamba kama lile kwa siku moja. Yeye alichukua karibu wiki nzima, na bado mahindi yakaota mistari mistari, huu kijani, ule manjano.

Mkewe alikuwa fundi wa mabomba, na karakana yake ilikuwa ubavuni mwa nyumba. Watu walimletea mabomba ya mpira na vali kutoka mbali. Mtambo wa mbolea wa mumewe tu ndio hakuwahi kuugusa, na hakuna aliyemuuliza sababu. Zamani, kabla hawajaoana, mpira wa gesi ulimpasukia Kobe mikononi na amonia ikampiga usoni. Jicho moja lilipona, jingine likabaki na utando mweupe. Aliporudi kazini aliufunga mtambo mwenyewe: mipira myembamba kutoka kwenye tangi, kona juu ya kona, na katikati kijivali kidogo cha kubania.

Siku moja mkewe alimpelekea chai shambani. Jua lilikuwa kali, lakini mbele ya kile kijivali bomba lilikuwa limevaa barafu nyeupe.

"Baba watoto, unaiona hii?"

"Barafu hiyo. Huwa inakuja."

"Inakuja hapa tu, kwenye tangi haipo. Amonia ikibanwa hapa inachemka, inageuka mvuke kabla haijafika kwenye majembe ya kuizika ardhini. Jembe moja linapata mbolea, jingine linapata pumzi."

"Najua."

Mke alikuwa amejiandaa kwa ubishi, si kwa jibu hilo. "Unajua?"

"Niliibana mwenyewe." Kobe alipuliza chai yake. "Ikija kidogo, hata ikikosea, itakosea kidogo."

Mke alirudi karakana akashika kisu cha kukatia mipira, asikate kitu. Angekuwa mteja mwingine, angemcheka na kumwambia ukweli papo hapo. Lakini huyu ndiye aliyeumia, na maneno yake yalikuwa na akili ndani yake, akili ya mtu aliyeogopa peke yake kwa muda mrefu. Kilichomsumbua ni tangi. Tangi halijui kwamba mbele kuna kijivali. Nyuma ya kijivali presha ni ileile, na mpira unaoweza kupasuka uko hukohuko nyuma, karibu na kiti. Na mwendo ule wa kutambaa unamweka mumewe jirani na hilo tangi wiki nzima badala ya siku moja.

Alimweleza hayo jioni, Kobe akiwa ameinama bombani ananawa. Aliendelea kunawa hata baada ya mikono kutakata.

"Kwa hiyo miaka yote hii," alisema mwishowe, "nimekuwa nikijilinda na mahindi, si na tangi."

Mke alicheka kabla hajajizuia. Akajuta, mpaka alipoona mabega ya mumewe nayo yanatikisika.

Walilifunga tangi, wakasubiri gesi iishe kabisa mabombani, wakavaa miwani na glovu. Mke alifunga mipira mipana, akaondoa kona zisizo na kazi, akasafisha chujio lililojaa kutu. Karibu na tangi aliweka kiungo kinachoachia na kujifunga chenyewe kikivutwa ghafla. Pale kwenye kijivali akaweka vali pana, ya kufungwa kwa kusukuma mpini wake mara moja. Kando ya kiti akafunga dumu la maji safi, ya kuoshea macho gesi ikimpiga. Nati ya mwisho Kobe aliomba aikaze mwenyewe.

Alipoanza safari ya kwanza, moshi mweupe ulifuka nyuma ya jembe la pembeni. Kobe alisimamisha trekta, akazunguka upande unakotoka upepo, akaifikia vali. Mke alikuja mbio, akamkuta amesimama mkono ukiwa bado kwenye vali, anahema.

"Umeumia?"

"Imefunga," alisema, kama mtu anayeleta habari kutoka mbali. "Nimesukuma mara moja tu, mama, ikafunga."

Jembe lilikuwa juu mno, udongo haukuifunika amonia. Walilishusha na kusubiri hewa itulie. Kobe alirudi kwenye kiti bila kusukumwa. Safari hii moshi haukuonekana, wala barafu, na trekta likaenda mwendo wa matrekta.

Kesho yake asubuhi shamba lilikuwa limekwisha, hakuwa na pa kwenda. Alikaa mezani na watoto, jambo ambalo katika msimu huo halikuwahi kutokea. Mkewe, akiwa karakana na mlango wazi, alimsikia akimuuliza binti yao mkubwa siku hizi wanafundishwa nini shuleni. Mtoto alishangaa. Halafu akaanza kueleza, tena kwa kirefu, na baba yake hakumkatiza.