Chumvi Ndiyo Ipite

Saa sita mchana mkaguzi angefika, na kama maji ya mtaroni yangekuwa bado mekundu, chumba cha kutia vitambaa rangi kingefungwa siku hiyo hiyo. Shangazi yangu amekiongoza chumba hicho miaka ishirini na sita. Mimi ndiye niliyejigamba kwamba mashine yangu ingekiokoa. Mdomo wangu, kama kawaida, ulitangulia akili.

Saa nne nikawasha pampu. Maji mekundu ya jana yakasukumwa kwenye utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu, wenye matundu yasiyoonekana kwa macho. Bomba likakohoa, kisha likatoa maji meupe pe. Nilipiga yowe kama mwehu, wala sioni aibu kusema.

Meneja, anayeamini ulimi wake kuliko kipimo chochote, akachovya kidole akaonja. Uso ukamkunjamana. Akasema chumvi imejaa tele, chujio gani hilo, tuing'oe mashine kabla hatujaaibika.

Hasira zikanipanda. Nikamweleza, kwa sauti kubwa kuliko inavyofaa mbele ya meneja, kwamba chumvi ndiyo tuliyotaka ipite. Chembe zake ni ndogo. Za rangi ni kubwa, zimebaki nyuma ya utando, nzito kama uji. Akanitazama kana kwamba namuuzia mbuzi kwenye gunia.

Shangazi hakubishana. Pamba haishiki rangi vizuri bila chumvi, na hilo analijua kuliko sisi wote. Akachota yale maji meupe, akayamimina kwenye sufuria ya majaribio, akatia rangi na magadi. Gunia la chumvi hakuligusa. Akazamisha kipande cha kitambaa. Dakika arobaini za kusubiri rangi ishike zilinizeesha.

Alipokisuuza kilikuwa chekundu kote, hakina hata baka. Akakilaza juu ya sampuli ya mteja, nami nikashindwa kujua kipi ni kipi. Nilimkumbatia, mikono yake ikiwa bado inachuruzika.

"Niache kwanza, mwanangu," akasema. "Maji haya yananirudia mwenyewe, na chumvi yake. Mtaroni yanakwenda kufanya nini?"

Akaenda kwenye vali ya kutolea maji mtaroni, akaifunga kwa mikono miwili. Meneja akamsaidia kuikaza.

Saa sita kamili mkaguzi akainama mtaroni na chupa yake, akakosa cha kuchota.