Samaki wa Kununua

Kanuni za mto wetu wa Grønda ni kumi na nne, na kumi na moja kati ya hizo niliziandika mimi, kwenye meza ya jikoni kwangu. Naanza na hilo ili usije ukadhani nilikosea kwa kutojua.

Naitwa Eilif. Nimekuwa mlinzi wa mto kwa miaka ishirini na miwili, kazi niliyoifurahia kuliko inavyompasa mtu. Napenda kupita ukingoni na utepe wa kupimia mfukoni, nikimwambia daktari mzima wa kutoka Oslo kwamba ndoana yake ina kijino na akiondoe mbele yangu. Marehemu mke wangu, Borghild, alikuwa akisema Mungu alinipa macho mawili na yote nikayaelekeza kwenye makosa ya wenzangu. Nilikuwa nikicheka akisema hivyo.

Kanuni zenyewe si ngumu. Samoni aliyezidi sentimita themanini anarudishwa majini, na kuanzia Agosti kila jike anarudishwa, awe mkubwa awe mdogo, maana amebeba mayai. Maji yakipita nyuzi kumi na nane, mishipi yote itoke, kwa sababu samaki aliyechoka ndani ya maji yenye joto hapati pumzi tena. Samaki wa kufugwa aliyetoroka kizimbani huko baharini anauawa papo hapo asije akachanganya mbegu na wetu, na huyo hahesabiwi. Kila samaki anayekufa lazima magamba yake machache yatiwe kwenye bahasha na kupelekwa maabara. Na kanuni ya kumi na mbili: anayevunja hizo nyingine, jina lake linabandikwa kwenye ubao wa kibanda cha chama chetu cha wavuvi, na kibali chake kinachukuliwa misimu miwili.

Hiyo ya kumi na mbili niliipigania mwenyewe kwenye mkutano wa chama. Katika miaka yote nimeitumia mara moja tu, na iliyempata ni Torgrim Brekke.

Torgrim nilisoma naye darasa moja. Nyumba yake iko juu ya Kilindi cha Mchungaji, mahali penye samaki wakubwa kuliko pote mtoni, na ukiwa kibarazani kwake unaona maji yote chini yako. Miaka saba iliyopita, mwishoni mwa Agosti, alikuja kibandani amebeba jike la sentimita themanini na nne kwa mikono miwili. Hakumficha, wala hakumfunga kwenye gunia. Suruali yake ya mpira ilikuwa inachuruzika maji mpaka kifuani.

"Kanifia mkononi, Eilif," alisema.

Palikuwa na watu kama kumi pale, wengine wageni. Nikasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Samaki hamfii mtu anayefuata kanuni."

Nikabandika jina lake kwa pini sita, upepo usije ukalichukua. Misimu miwili ikapita, kibali kikawa halali yake tena, lakini Torgrim hakurudi mtoni. Katika bonde letu mwanamume asiyevua wakati wa kiangazi ni sawa na asiyekwenda kanisani Krismasi. Watu hawamsemi, ila wanapunguza kumtembelea. Viangazi saba alikaa kibarazani anatazama maji yaliyo hatua mia moja kutoka mlangoni kwake. Mimi nikipita chini nilikuwa nampungia mkono, na nilijiona muungwana kwa hilo.

Sasa sikiliza langu.

Mwaka huu joto lilikuwa la ajabu na maji yalipungua mpaka mawe yakatoka mgongo. Tarehe ishirini na nane Agosti, asubuhi, nilikitazama kipimajoto kilichofungwa kwenye nguzo ya daraja: kumi na saba na nusu. Nikafungua mto. Mchana nikashuka mwenyewe Kilindi cha Mchungaji, na sikukitazama tena. Darajani walikuwapo Wadenmaki wanne wameegemea, wanaangalia. Nitakuambia ukweli, nilifunga mshipi mwembamba, ule wa kuonyeshea ufundi, ingawa kanuni ya tano yasema tutumie mnene ili samaki asihangaishwe muda mrefu. Nilitaka waone mzee anavyovua.

Akauma. Nilicheza naye dakika ishirini na tano. Walipiga makofi alipoingia wavuni. Alikuwa jike, sentimita tisini na moja, tumbo limejaa.

Nilimtoa ndoana bila kumtoa majini, kama ninavyowafundisha wengine. Nikamwelekeza kichwa mkondo unakotokea, mkono mmoja tumboni, mwingine kwenye shina la mkia, nikangoja apige mkia aende zake. Hakupiga. Nilipolegeza mkono aligeuka tumbo juu. Nikamrudisha, akageuka tena. Karibu nusu saa nilikuwa nimepiga magoti kwenye mawe, nikimbembeleza kwa maneno ambayo sijamwambia mtu tangu Borghild afariki. Wadenmaki waliondoka mmoja mmoja, kimyakimya. Mashavu ya samaki yalifunguka, yakafunga, yakafunguka, yakabaki hivyo.

Kisha nikaenda kukitazama kipimajoto. Kumi na tisa na nusu.

Kanuni ilikuwa wazi. Niandike ukweli, samaki apelekwe kwenye jiko la nyumba ya wazee, jina langu liende ubaoni. Kama ingekuwa samaki tu, ningefanya. Lakini ingenibidi niseme "kanifia mkononi", na hayo yalikuwa maneno ya Torgrim. Ningeyasema kwa kinywa hiki hiki kilichomwumbua mbele ya watu kumi.

Basi nilichukua mkasi wa kukatia mishipi. Samaki wa kizimbani huwa na mapezi yaliyolika kwa kusuguana na wavu na wenzake. Nyuma ya kibanda, nimeinama kama mwizi wa kuku, nilimkata ncha za mkia, nikampunguza mapezi, nikamsugua kwa mchanga. Nikaandika kwenye orodha ya chama ya mtandaoni: jike, sentimita tisini na moja, wa kufugwa, ametoroka, ameuawa kwa mujibu wa kanuni ya tisa. Kabla ya chakula cha jioni nilishapata pongezi sita. Mmoja aliandika, "Ndiyo maana tunalala usingizi, mto una mwenyewe."

Nilipompasua tumbo, mayai yalijaza bakuli la kukandia unga. Nilikaa nikayatazama mpaka yakaanza kukauka juu.

Ikabaki bahasha. Maabara wanazisoma pete za gamba kama seremala anavyosoma ubao uliokatwa. Wanajua samaki alizaliwa mtoni au kwenye tangi, alikaa baharini miaka mingapi. Sanduku la bahasha lingechukuliwa tarehe mosi Septemba. Katibu wa chama akanipigia, anacheka.

"Ya kwako tu haijaingia, Eilif. Wewe unayetufokea kila mwaka."

"Inakuja," nikasema.

Kesho yake niliendesha kilomita arobaini mpaka mjini, kwenye duka kubwa ambako nilidhani sijulikani, nikanunua samoni wa kufugwa, mzima, na ngozi yake. Watu wa bonde letu hawanunui samoni. Tukikosa, tunakula viazi na nyama ya kuchemsha na kusema samaki hatumtamani. Nilimfunika kwa gazeti ndani ya kikapu, nikafika kwa keshia, na keshia alikuwa Ragna, binti wa mwalimu wetu wa shule. Sikujua kama amepata kazi huko.

"Mzee Eilif," alisema, ameshika samaki juu kila mtu aone. "Mto mzima umekunyima?"

"Nina wageni."

"Na wageni unawalisha wa kizimbani? Ukisikia wamehama usiku usishangae."

Waliokuwa nyuma yangu walicheka. Mmoja hakucheka, nikageuka. Alikuwa Torgrim, ameshika dawa ya kuchua goti na mkate. Tulitazamana. Akamtazama samaki, kichwani mpaka mkiani, bila haraka.

"Mwache mzee, binti," alimwambia Ragna. Kisha kwangu, kwa upole kabisa, "Ila ungechukua minofu, Eilif. Ya nini kuhangaika na magamba?"

Nililipa, nikasahau kofia yangu kaunta, na sikuirudia.

Nyumbani nilimlaza samaki wa dukani mezani, nikambandua magamba matano kwa ncha ya kisu, nikayatia kwenye bahasha. Halafu, sijui kwa nini, nikamtoa yule wangu kwenye friza nikamlaza kando yake. Huyu wa kununua mapezi yake yalikuwa yamelika kweli. Yule wangu yalikuwa yamekatwa, na mtu yeyote mwenye akili angeona ni mkasi. Samaki aliyezaliwa chini ya daraja letu, akaenda mpaka bahari ya barafu, akarudi mlango ule ule bila kuuliza njia, mimi nikamwandika mtoro wa kizimbani kwa sababu amekufa na hawezi kunibishia. Nyani haoni kundule, wanasema, lakini mimi siku ile niliona langu lote, na nilikuwa peke yangu jikoni na bado niliona haya kama niliyevuliwa nguo sokoni.

Nikafikiri, samaki hawezi kubisha kwa kuwa amekufa. Torgrim je? Torgrim alikuwa hai, na naye nilimnyima nafasi ya kubisha.

Bahasha yenye magamba ya dukani niliitupa jikoni motoni. Nikachukua nyingine, nikabandua magamba ya samaki wangu, nikaandika: jike, wa mtoni, tisini na moja, alikufa mkononi, maji nyuzi kumi na tisa na nusu, mapezi yamekatwa na mvuvi ili adanganye. Mwishoni pana nafasi ya jina la mvuvi. Pale niliandika herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Asubuhi nikaitumbukiza sandukuni. Nikaandika tangazo, jina langu, kosa langu, kanuni nne nilizovunja, nikalibandika ubaoni. Nilitafuta pini, nikazipata nne. Nikaenda garini kutafuta mbili zaidi. Kibali changu nikakiacha juu ya meza ya katibu pamoja na ufunguo wa kibanda, kisha nikapanda kilima kwenda kwa Torgrim.

Alikuwa kibarazani. Hakuinuka, lakini alisukuma kiti cha pili kwa mguu wake mzima.

"Wageni wameondoka?" aliuliza.

"Hakukuwa na wageni."

"Najua hakukuwa na wageni."

Nikamwambia yote, kuanzia mshipi mwembamba. Nilimwambia na mkasi, na mayai kwenye bakuli, na bahasha niliyoichoma. Nilimwambia jina langu liko ubaoni. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi, na nikalisikia neno lenyewe kuwa dogo, kama kumrudishia mtu kifungo baada ya kumchania shati.

"Nilikuona," alisema. "Siku ile, toka hapa. Ulimshika muda gani?"

"Nusu saa. Karibu."

Akatikisa kichwa, akayatazama maji.

"Mimi wangu nilimshika saa moja na robo. Miguu ilikufa ganzi, Sunniva ndiye aliyeshuka kunivuta nitoke." Sunniva ni mkewe. "Maji yalikuwa nyuzi kumi na nne siku ile. Mshipi mnene. Ndoana ilimwingia ndani ya shavu, pale anapopumulia, ndiyo bahati yake ilivyokuwa."

"Hukusema."

"Hukuniuliza."

Hakulisema kwa hasira. Angelisema kwa hasira ningepata pa kushika. Sunniva alitoka na birika la kahawa, akaniona, akasimama, akarudi ndani akaleta kikombe cha tatu. Alikiweka mbele yangu bila kunitazama usoni.

"Nakuuliza sasa, Torgrim," nikasema. "Ilikuwaje?"

"Umechelewa miaka saba."

"Najua."

"Na utanikatiza. Wewe mtu akieleza unamkatiza."

"Sitakukatiza."

Alinywa kahawa kwanza. Kisha akaanza mbali sana, asubuhi ya siku ile, na viatu alivyovaa, na ukungu, na jinsi alivyokaribia kutokwenda. Mara mbili nilitaka kusema kitu juu ya namna ya kumwelekeza samaki kwenye mkondo, na mara mbili nikakimeza. Alieleza kwa mikono, mmoja tumboni mwa samaki ambaye hakuwapo, mwingine kwenye mkia. Alipofika mahali samaki wake alipogeuka tumbo juu mara ya mwisho, mikono yake ilibaki hapo hapo hewani. Sunniva aligeukia ukutani. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti chao, nimeshika kikombe chao, na sikujua niyaweke wapi macho yangu.